Alamu ya Pazia

Kazi yangu ya kwanza ya kudumu ilikuwa ya kusikiliza. Kampuni ya ulinzi iliyoniajiri ilikuwa na ofisi ghorofani mjini Thika, juu ya duka la vipuri vya magari, na chumba chetu kilikuwa cha mwisho kwenye korido, chenye dirisha dogo linalotazama paa za mabati. Tulikiita kontro, yaani chumba cha kuongozea magari. Ndani mlikuwa na redio ya mezani, simu, kisanduku cha kijivu kilichopokea ishara kutoka nyumba za wateja, na kimashine cha kuchapa kilichotema kikaratasi kila alamu ilipolia popote kati ya Thika na Ruiru.

Kikaratasi hakikusema mengi. Kilitoa nambari ya mteja na sehemu ya nyumba: mlango wa mbele, jikoni, sebule. Mtu akibonyeza kitufe cha dharura, kilisema dharura. Hakikusema kama ni mwizi, au paka, au mama mwenye nyumba aliyeingia na ununuzi mikononi akasahau kuzima. Hilo lilikuwa juu yetu kulijua. Nilikuwa napiga simu kwa mteja, na asipopatikana, natuma gari.

Nyumba hazikuwa na anwani. Fundi aliyefunga alamu ndiye aliyetuandikia njia kwenye kadi: toka lami, pita kanisa la mabati, kata kushoto kwenye kioski ya buluu, geti jeusi. Lakini mwaka ukiisha kioski imepakwa rangi nyingine na kanisa limejenga ukuta. Kwa hivyo kilichotufikisha hasa hakikuwa kadi, kilikuwa dereva. Na dereva wa Gari la Pili, lililokuwa likikaa upande wa Ruiru, aliijua kila njia ya vumbi kutoka Mugutha hadi Mwihoko.

Nilimfahamu kwa sauti muda mrefu kabla ya kumwona. Magari ya Ruiru hayakuwa na sababu ya kuja Thika, na mimi sikuwa na sababu ya kwenda kituo chao. Alikuwa mtu wa upande wa Kakamega, aliyekuja Thika kufanya kazi katika kiwanda cha nguo, na kiwanda kilipopunguza watu akajifunza kuendesha. Hakuwa na haraka hewani. Madereva wengine walipiga kelele kana kwamba redio ni kiziwi. Yeye alisema, "Kontro, Gari la Pili," halafu akangoja.

Siku moja alipanda ngazi kuleta redio iliyoharibika. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akanitazama.

"Wewe ndiye Kontro?"

"Ndiye mimi."

"Mimi nilidhani wewe ni mama mnene."

"Na mimi nilidhani wewe ni mrefu."

Alicheka mpaka msimamizi wetu akatoka ofisini kuuliza kuna nini.

Tulioana. Baba yangu, mkulima wa kahawa kule juu ya Gatundu, hakufurahi mwanzoni. Aliuliza kwani vijana wa kwetu wameisha. Mama aliuliza tu kama anakunywa, na alipoambiwa hapana, akasema basi aletwe anywe chai. Tukapanga nyumba Ruiru, tukapata mtoto wa kike. Hata nyumbani aliendelea kuniita Kontro. "Kontro, chumvi iko wapi?" Majirani walidhani ni jina la kikwetu.

Hewani hatukuruhusiwa kuongea mambo ya nyumbani, na hatukuongea. Lakini watu wawili wanaoishi pamoja hupata njia. Akitaka kujua kama nimekula, aliuliza, "Kontro, hali ya hewa huko?" Nikisema shwari, nimekula. Nikisema mawingu, alijua nitashinda na chai hadi jioni, na akirudi nyumbani kabla yangu angepika. Msimamizi alijua. Alijifanya anasikiliza taarifa ya hali ya hewa kama mtu mwingine yeyote.

Miaka hiyo kazi ilikuwa ikibadilika chini ya mikono yetu. Kimashine cha kuchapa kiliondolewa, ikaja kompyuta: njano kwa alamu ya wizi, nyekundu kwa dharura. Antena ndefu juu ya paa za wateja zikaanza kushushwa, ishara zikawa zinakuja kwa laini ya simu. Kadi za njia zikaingizwa kwenye kompyuta, pamoja na makosa yake yote. Na ndani ya nyumba, badala ya kufunga vifaa vya milango tu, mafundi wakaanza kuweka lile jicho jeupe la pembeni mwa dari. Jicho lilihisi joto linalotembea. Lilikuwa rahisi, na watu wa kawaida wakaanza kuliweka: walimu, wenye maduka, hata wenye vyumba vya wanafunzi kule Kahawa Sukari.

Shida ni kwamba jicho halikujua joto la nani. Mbwa aliyesahaulika ndani, puto la sherehe ya mtoto likielea, kila kitu kilikuwa njano. Kabla ya macho hayo, gari lilikuwa likitoka mara chache kwa siku. Baadaye lilikuwa halilali. Mume wangu alirudi nyumbani mgongo unamuuma, akasema, "Leo nimekamata paka wengi sana." Hakulalamika zaidi ya hapo. Alisema mtu akilipia aendewe, aendewe.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua tangu asubuhi, jua lile la kuchoma linaloleta mvua. Baada ya chakula cha mchana upepo ulianza. Kompyuta ikaonyesha njano: nyumba moja ya Mugutha, sebule. Nilimpigia mwenye nyumba. Alikuwa mwalimu, simu yake ilikuwa imezimwa, na nilijua yuko darasani. Nikapiga nambari ya pili, ya dada yake, haikushikwa. Nikafanya nilichofanya kila siku.

"Gari la Pili, Kontro."

"Kontro, endelea."

"Alamu Mugutha, sebule. Mteja hapatikani."

"Nimepata. Naenda." Halafu baada ya kitambo kidogo, "Kontro, huku mvua imeshuka."

"Huku shwari," nikamjibu, kwa sababu nilikuwa nimekula. Nilikuwa nimeshaachilia kitufe cha redio nilipoelewa kwamba safari hii alikuwa anaongea juu ya mvua yenyewe. Nilitabasamu peke yangu.

Alamu ya Mugutha ililia tena, sebule ileile, halafu tena. Niliona kama kuna mtu anatembeatembea ndani. Nikamwita Gari la Pili nimwambie achukue tahadhari. Hakujibu. Nikamwita tena. Nilifikiri ameshuka, redio imebaki garini, ingawa hakuwa mtu wa kushuka bila kusema.

Aliyenipata hatimaye ni mlinzi aliyekuwa akifuatana naye. Alipiga simu ya ofisi kwa simu yake mwenyewe. Nilisikia mvua nyuma yake.

"Kontro, tumegongwa. Lori la mawe. Limeteleza kwenye mteremko likatupata upande wa dereva."

"Dereva yuko vipi?"

"Mama," akasema.

Nilimtuma Gari la Kwanza mahali pa ajali. Nikapiga simu ya ambulensi, nikaeleza njia polepole, kituo baada ya kituo, kwa sababu barabara hiyo haikuwa na jina. Na kwa kuwa Mugutha bado ilikuwa inalia, nikaomba gari kutoka Juja liende kuangalia nyumba ya mwalimu. Watu wameniuliza niliwezaje. Sijui. Mikono ilikuwa imezoea. Msimamizi ndiye aliyekuja nyuma yangu, akanivua vipokea sauti vya masikioni kama mtu anayemvua mtoto kofia, akasema, "Inuka, mama. Gari linakungoja chini."

Tulipofika hospitali kule Ruiru alikuwa ameshafariki. Walinipa saa yake na mkanda wake ndani ya mfuko wa plastiki.

Gari la Juja lilikuta geti limefungwa, milango imefungwa, hakuna aliyeingia. Dirisha moja la sebule lilikuwa limeachwa wazi kidogo. Pazia lilikuwa limepigwa na jua asubuhi nzima, na upepo ulipokuja likawa linacheza mbele ya jicho. Lilikuwa limetoka nusu nje, limelowa. Aliyeketi kwenye kiti changu aliandika sababu ya alamu kwa neno moja: upepo.

Tulimzika kwao. Mama mkwe alinishika mkono siku nzima, na jioni watu walipopungua akaniambia, "Mwanangu alikuwa akija hapa anasema wewe ndiwe humwambia aende wapi." Alinipapasa kiganja. Mpaka leo sijui kama aliisema kama lawama au kama faraja. Alikuwa mtu wa maneno machache, naye ameshakufa.

Nilirudi kazini kwa sababu msichana wangu alikuwa bado mdogo na nyumba hula. Siku chache baadaye, Jumapili, nilibishiwa mlango. Alikuwa mama wa makamo, amevaa sketi ya kanisani, mkononi ana kikapu chenye mkate, sukari na majani ya chai. Alisema yeye ni mwalimu, anatoka Mugutha. Nilijua kabla hajamaliza.

Nilimkaribisha. Alikaa pembeni ya kiti, kikapu mapajani, akakitazama.

"Mama, ni mimi niliyeacha dirisha wazi," akasema. "Nilipiga deki asubuhi, nikafungua ili sakafu ikauke. Nikachelewa. Nikatoka mbio."

Nilikichukua kikapu mapajani mwake, nikakiweka mezani.

"Nimeiondoa ile alamu. Nimemwita fundi akaitoa yote. Siwezi kuiangalia."

"Irudishe," nikamwambia.

"Siwezi."

"Unaishi peke yako. Irudishe. Yeye angekuambia uirudishe."

Hapo akaanza kulia, kilio cha mtu aliyekuwa amekifunga muda mrefu. Sikumchukia. Kila mtu huacha dirisha wazi. Lakini nilikuwa nimekaa pale namtazama mwanamke mgeni akimlilia mume wangu, na sikuwa na nguvu ya kumfariji. Nilimwekea chai. Hakuimaliza. Alipoondoka alisema atakuja tena, nami nikasema karibu, na ndani yangu niliomba asije. Hakuja. Nilisikia baadaye alihamishiwa shule ya mbali. Wakati mwingine nafikiri ningemshika tu mkono. Wakati mwingine nafikiri nilimpa nilichokuwa nacho, na hakikuwa kingi.

Yule mlinzi, aliyevunjika mguu kwenye ajali, alikaa nyumbani mpaka ukapona, halafu akarudi akiwa anachechemea kidogo. Kampuni ilimfanya dereva. Walipompa Gari la Pili, gari jipya lakini jina lilelile, msimamizi aliniuliza kama ningependa libadilishwe jina. Nilisema hapana. Siku ya kwanza alipoita hewani, "Kontro, Gari la Pili," alingoja baada ya kusema, kana kwamba anaomba ruhusa. Nikamjibu, "Endelea."

Baada ya muda zikaja kamera. Kampuni ilimleta mkufunzi kutoka Nairobi, mtu mchangamfu mwenye kompyuta nyembamba, akatukusanya sote, watu wa kontro na madereva. Alieleza kwamba sasa jicho na kamera ni kitu kimoja. Joto likitembea, jicho linapiga picha fupi na kuituma papo hapo, na mtu wa kontro anaona kilichowasha alamu kabla ya kutuma mtu. Alituonyesha mfano ukutani. Ilikuwa sebule ya watu, makochi, televisheni yenye kitambaa juu. Pazia jeupe lilikuwa likipanda na kushuka dirishani.

"Mnaona?" mkufunzi akasema. "Zamani hapa mngetuma gari bure. Sasa unaangalia tu, unafunga, umemaliza."

Watu wachache walicheka kwa adabu, kama watu wanavyocheka kwenye mafunzo. Msimamizi alikuwa anatazama viatu vyake. Niliinuka nikatoka, nikasimama kwenye korido. Sikulia. Nilikuwa naona tu lile pazia, jinsi lilivyokuwa jepesi.

Dereva wa Gari la Pili alinifuata. Tulikuwa hatujawahi kuongea juu ya siku ile, hata mara moja.

"Nilimwambia apunguze mwendo," akasema.

"Alikuwa anaenda mbio?"

"Hapana. Alikuwa anaenda kama kawaida. Nilisema kwa sababu ya mvua. Akaniambia, huwezi kujua, labda kuna msichana wa kazi ndani yuko peke yake." Alifuta uso na mkono. "Hakukuwa na mtu, mama."

"Najua."

"Hata mmoja."

Tulisimama pale mpaka mafunzo yakaisha.

Kamera zilipofungwa, niliona kwa macho yangu vitu tulivyokuwa tukivikimbilia miaka yote ile. Niliona paka, mapazia, puto, buibui aliyejenga utando mbele ya kioo cha kamera akaonekana mkubwa kuliko kochi. Niliona mzee aliyerudi mapema, ameketi gizani na koti, hajazima alamu, anatazama ukuta. Mara mojamoja aliyeonekana alikuwa mwizi kweli, na gari lilienda, na walimkuta. Lakini mara nyingi mno hakukuwa na kitu. Wenzangu walifurahia kazi kupungua. Mimi kila nilipofunga picha ya namna hiyo niligeuka kuitazama redio.

Wakati mwingine gari lilikuwa limeshatoka ndipo picha inafika. Hapo nilikuwa naita, "Gari la Pili, rudi. Ni paka." Naye alijibu, "Asante, mama," badala ya kusema nimepata, kinyume cha utaratibu. Hakuna aliyemkosoa.

Halafu mashine zikajifunza kutazama zenyewe. Programu mpya ilitofautisha mtu na mnyama, ikafunga alamu za mapazia kabla sisi hatujaziona. Wateja wakaanza kupata picha moja kwa moja kwenye simu zao, mtu yuko sokoni anaangalia sebule yake. Wengine wakaona hawana haja na sisi kabisa. Kampuni ikatangaza kwamba kontro ya Thika itafungwa na kazi zote zitahamia Nairobi, kwenye chumba kimoja chenye skrini nyingi. Wachache walichukuliwa. Wengine tulishukuriwa na kupewa barua.

Katika wiki hizo za mwisho, mafundi wakiwa wanang'oa nyaya, nilimwendea fundi wa kompyuta. Nilijua kwamba redio yetu ilikuwa ikirekodiwa, kila neno, kwa sababu za kisheria. Sikuwahi kuuliza. Miaka yote ile nilikuwa naogopa kuisikia. Lakini msichana wangu alikuwa ameshaingia sekondari, na hakuwa akikumbuka sauti ya baba yake. Simu tulizokuwa nazo enzi hizo hazikuhifadhi sauti. Nilimweleza fundi ninachotaka. Aliacha alichokuwa akifanya, akakaa, akatafuta kwa muda mrefu. Mwishowe akageuza kiti.

"Mashine hii huweka rekodi kwa muda tu, mama. Ikijaa, inafuta za zamani inaandika mpya juu yake. Za miaka hiyo zilishafutwa."

"Zote?"

"Zote. Pole sana. Ungekuja mapema, labda."

Nikamshukuru. Nilipanda basi la kwenda Ruiru, na nyumbani sikumwambia msichana, kwa sababu nilikuwa sijamwahidi kitu. Alinikuta nimekaa jikoni bila kuwasha taa, akadhani ni juu ya kazi kuisha. Alinikumbatia kwa nyuma akasema tutapata kitu kingine. Nikamwacha adhani hivyo.

Siku hizi tunaishi Mwihoko, kwenye ploti ya wapangaji wengi, na nauza nafaka kwenye duka dogo mbele ya geti. Msichana yuko chuo, hulala huko Kahawa Sukari wiki nzima, huja Jumamosi na nguo za kufua. Yule dereva alihamia Nairobi na kampuni. Krismasi hunitumia ujumbe, huuliza mtoto anaendeleaje, haniiti Kontro.

Huku Mwihoko alamu ni nyingi. Kila gari lina yake, kila duka la simu, kila ghorofa mpya. Hulia mchana kutwa, na hakuna anayeinua kichwa. Wenyewe hutazama simu zao, wakazima alamu kwa kidole, wakaendelea na mambo. Mimi bado siwezi. Ikilia mahali karibu, huacha kupima maharagwe, natoka mpaka geti, natazama ni wapi.

"Mama, si ni alamu tu?" mteja mmoja aliniuliza juzi, mwanamke kijana aliye na mtoto mgongoni.

"Ni alamu tu," nikamwambia.

Alinitazama, akangoja nirudi. Nikasimama pale getini hadi iliponyamaza, ndipo nikarudi kumpimia.